Mijakaranda Imechanua, Lakini Langoni Je?

HALIMA: Karibuni tena. Mnaosikia karatasi ikichakarika, ni Otieno na njugu zake.

OTIENO: Za yule mama wa stejini. Endelea, dada.

HALIMA: Leo tulipanga matembezi ya msimu huu. Ni Oktoba, Nairobi imegeuka zambarau. Huko Ulaya wana majira yao ya kuchipua, sisi tuna mijakaranda. Otieno amekuja na daftari limejaa ushauri.

OTIENO: Kurasa mbili! Nimeandika mpaka viatu vya kuvaa.

HALIMA: Tutafika huko. Kwanza nikwambie la Jumamosi. Nilienda bustani moja hapa mjini, jina nitaliacha. Kwenye foleni mbele yangu kulikuwa na mama na watoto wanne, wamevalishwa nguo za kutokea. Akauliza kiingilio, akawatazama watoto, akafungua kibeti, akakifunga. Wakageuka. Yule mdogo alikuwa na maua ya jakaranda mkononi, yale yaliyoangukia nje ya ukuta. Roho iliniuma sana.

OTIENO: Kwani kiingilio ni pesa ngapi? Si nyingi.

HALIMA: Kwako wewe. Yeye azidishe, kisha atoe nauli ya matatu ya watu watano, kwenda na kurudi. Njugu unazokula wiki nzima zingewaingiza wote!

OTIENO: Njugu ziache, hazijamkosea mtu. Halima, unaukumbuka msitu wa Karura, hapa Nairobi, wa miaka ya tisini? Nani alithubutu kuingia? Waporaji mle ndani, maiti zinatupwa. Leo kuna uzio wa umeme na askari, na wanawake wanakimbia peke yao asubuhi. Askari analipwa na nini? Na msitu wenyewe ni zaidi ya hekta 1,000.

HALIMA: Na nani aliuokoa huo msitu? Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walikwenda Karura kupanda miti, kwa sababu ardhi ilikuwa imegawiwa wakubwa kwa siri. Walipigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Na miaka kumi kabla ya hapo, 1989, alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Hakutokwa damu ili mama wa mtaa wa mabanda wa Mathare arudishwe langoni.

OTIENO: Hakutokwa damu pia ili msitu urudi kwa majambazi. Mimi nampenda Wangari kama wewe.

HALIMA: Najua.

OTIENO: Basi usinitupie Wangari. Uhuru Park iko katikati ya mji, inaonwa na kila mtu, hiyo iwe bure, sina neno. Msitu ni kitu kingine. Pesa ya langoni inarudi kwenye njia, kwenye vyoo, kwenye miche.

HALIMA: Kodi tunalipa ya nini? Barabarani hakuna anayesimamishwa alipe ndipo atembee kwa miguu. Mti ni haki kama njia. Asiye na uwanja nyumbani kwake, anayelala chumba kimoja na watoto wote, huyo ndiye anayehitaji kivuli kuliko mimi na wewe.

OTIENO: Mpunguzie, sawa. Kufuta kabisa, hapana.

HALIMA: Mtoto asilipe hata senti.

OTIENO: Ukisema mtoto asilipe, kesho utasema na mama yake.

HALIMA: Nasema leo! Mama yake pia.

OTIENO: Hapo hatukutani.

HALIMA: Hatukutani kweli. Hizo njugu lete hapa.

OTIENO: Chukua. Aisha ananionyesha saa... dakika mbili? Aisha, sijafungua daftari!

HALIMA: Soma moja basi.

OTIENO: Nilitaka kuanzia Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi. Ilianzishwa 1907, walikuwa wanajaribu miti ya kigeni inayokua haraka, itoe kuni za treni. Leo unatembea chini ya miti iliyotoka pande zote za dunia. Hata jakaranda ni mgeni, kwao ni Amerika Kusini. Sasa, ushauri wangu: fika kabla ya saa mbili asubuhi, maua yaliyoanguka usiku hayajakanyagwa, ndege bado—

HALIMA: Na mtu akifika langoni?

OTIENO: Alipe.

HALIMA: Wenye watoto, niandikieni mlivyofanyiwa huko langoni. Wiki ijayo nitasoma zote.

OTIENO: Na wanaokubaliana nami pia waandike. Aisha, kata.