Kwa Nini Nasoma Koleji Pune na Bado Nitapata Shahada

Ndugu watazamaji, nimerekodi video hii kwa sababu kila ninapoweka picha kutoka hapa Pune, jimbo la Maharashtra, hakosi mtu wa kuniuliza: "Umesafiri mpaka India kusoma koleji, si ungebaki tu kwenye chuo cha kati cha stashahada hapa nyumbani?" Najua wapo watakaosema najitapa na wengine watasema nalialia, lakini nivumilieni. Koleji yangu mwenyewe sitaitaja, kwa hiyo nitaeleza kwa kutumia Fergusson, ambayo ni kongwe na historia yake inafahamika.

Fergusson ilifunguliwa Januari 1885 na Deccan Education Society, chama cha elimu kilichoundwa Oktoba 1884 na walimu vijana waliokuwa wakiendesha shule yao tangu 1880, wakiwemo Bal Gangadhar Tilak na Gopal Ganesh Agarkar. Walitaka elimu ya juu iliyo mikononi mwa Wahindi wenyewe, ingawa jina walichukua la gavana Mwingereza wa Bombay (sasa Mumbai), James Fergusson, jambo ambalo mimi naliona ni busara ya watu waliojua kibali kinatoka wapi. Walimu waliojiunga kama wanachama wa kudumu waliahidi kutumika miaka 20 kwa mshahara wa rupia 75 hivi kwa mwezi, na miongoni mwao alikuwa Gopal Krishna Gokhale. Hata hivyo fedha haikukosa kuleta ugomvi, kwani Tilak alijitoa 1890 baada ya kuvutana na wenzake juu ya kama mwanachama aruhusiwe kujitafutia kipato cha nje. Chama hakikufa, kilifungua koleji ya Willingdon kule Sangli mwaka 1919, na ya biashara hapa hapa Pune mwaka 1943.

Sasa nije kwenye swali lenu. Pamoja na sifa zote hizo, Fergusson haikutoa shahada kwa jina lake, kwa sababu Chuo Kikuu cha Bombay, kilichoanzishwa 1857 kwa kufuata mfumo wa Chuo Kikuu cha London, ndicho kilichotahini na kutunuku, na koleji zikabaki na kazi ya kufundisha. Pune ilipopata chuo kikuu chake mwaka 1949, ambacho tangu 2014 kinaitwa Savitribai Phule, Fergusson ikahamia chini yake, na hata baada ya kupewa mamlaka ya kujitungia mitaala na mitihani, shahada zimeendelea kuwa za chuo kikuu. Anayeona ajabu akumbuke kwamba chuo cha Dar es Salaam kilipoanza 1961, kikiwa na kitivo cha sheria pekee, kilikuwa koleji ya kutoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na sijasikia mtu akiwabeza wahitimu wale.

Kinachonichosha mimi ni makaratasi. Barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi inatolewa na koleji, nayo inatakiwa kwenye usajili wa wageni, ambao mwenye viza ya muda mrefu anapaswa kuufanya ndani ya siku 14 tangu awasili; ukishamaliza hapo, chuo kikuu nacho kinataka kuhakiki vyeti vyako vya sekondari, kwa malipo mengine. Ofisi moja ilikataa cheti changu cha kidato cha sita kwa sababu jina la babu limo kwenye pasipoti ila kwenye cheti halimo. Ikabidi mama apande basi kutoka Korogwe hadi Tanga mjini, amlipe wakili aandae hati ya kiapo, kisha tulipie kuisafirisha, na ilipofika, karani mwingine akaitupia kwenye jalada bila hata kuifungua bahasha. Nikisema hivi mnasema sina shukrani.

Hayo ni yangu, na mfuko wa kila mtu anaujua mwenyewe. Ila kama unakusudia kuja, kabla hujatuma ada muulize wakala shahada itachapishwa kwa jina la chuo kikuu gani, kisha uwaulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama wanakitambua, au mamlaka ya kwenu kama hutoki Tanzania. Wakala akikutajia jina la koleji peke yake, mtake akuonyeshe barua inayothibitisha koleji hiyo iko chini ya chuo kikuu kipi, na uangalie tarehe yake.