Funga Slaidi Kwanza, Ndipo Uingie

BAKARI: Hiyo usiiseme bado dada, hatujaanza kurekodi.

NEEMA: Tumeshaanza. Taa nyekundu hiyo hapo.

BAKARI: Haya, karibuni wasikilizaji. Mimi Bakari, mtu wa Tanga, dereva wa semi hapa Texas. Niko na dada Neema, muuguzi wa mikataba, ile ya wiki 13 hospitali hii, wiki 13 hospitali nyingine. Yeye, shemeji na watoto wanne wanaishi kwenye trela, ile nyumba ya kuvutwa na gari, mwaka wa pili sasa. Alikuwa ananicheka kwa sababu Jumamosi nilikwenda yadi wanakouza trela hizo kutazama tu, nikarudi nimeshapenda.

NEEMA: Hukupenda trela, umependa sofa. Nakujua.

BAKARI: Sofa, meko ya umeme, dirisha kubwa kule nyuma... Kwa wasiofahamu, tunazungumzia trela la gurudumu la tano. Halifungwi kwenye lile tufe la chuma nyuma ya bampa. Shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu, na pini inaingia kwenye sahani iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Jina ni la zamani, toka magari ya farasi: magurudumu manne ya kawaida, halafu duara la chuma limelazwa juu ya ekseli ya mbele ili gari ligeuke. Hilo ndilo la tano.

NEEMA: Na la familia yenye watoto wengi ndilo lenye chumba cha dabodeka. Aliyesoma bweni haelezwi zaidi. Vitanda viwili vitatu, kimoja juu ya kingine, kila mtoto na pazia lake. Kilichokosekana ni tranka tu.

BAKARI: Sasa mimi niko njia panda. Ramani ya kwanza, dabodeka ziko nyuma kabisa, pamoja na choo kidogo cha watoto chenye mlango wa kutokea nje. Ya pili, chumba cha watoto kiko katikati, kati ya jiko na chumba chetu, na sebule ndiyo iko nyuma. Hiyo ya pili ndiyo yenye sofa.

NEEMA: Kabla ya ramani, pikapu yako ukifungua mlango wa dereva kuna stika. Inasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi pauni ngapi?

BAKARI: 2,350. Nimeipiga picha kama ulivyoniagiza.

NEEMA: Mko watano. Uzito wenu wote?

BAKARI: Tuseme 600.

NEEMA: Sahani ya kufungia?

BAKARI: Kama 200.

NEEMA: Imebaki 1,550. Pini ya trela la namna hii hukaa juu ya pikapu kwa karibu asilimia 20 ya uzito wote wa trela. Hilo la sofa, likijaa, ni pauni ngapi?

BAKARI: ...14,000.

NEEMA: Asilimia 20 yake?

BAKARI: 2,800. Dada, lakini mimi kazini navuta jumla ya pauni 80,000!

NEEMA: Kwa lori lililotengenezwa kwa kazi hiyo, na unapita mizani kila mahali kama Vigwaza. Hii pikapu yako inaweza kulivuta, sikatai. Kuvuta si kubeba. Matangazo yatakwambia inavuta kiasi gani, na ni kweli, ila bodi na matairi ya nyuma vinafikia mwisho kabla injini haijatoa hata jasho. Kwa hesabu yako wewe, mwisho ni trela la pauni 7,750. Yenye dabodeka na ya gurudumu la tano kwa uzito huo utayahesabu kwa vidole.

BAKARI: Kwa hiyo nabadilisha pikapu.

NEEMA: Au unabadilisha trela. Sisi tulibadilisha pikapu, tukanunua ile yenye matairi manne nyuma, na mpaka leo mume wangu hataki nitaje bei yake mbele za watu. Na Texas mkishavuka pauni 26,000 pikapu na trela pamoja, na trela lenyewe limezidi 10,000, inatakiwa leseni ya daraja A. Wewe unayo. Mke wako?

BAKARI: Hana. Tusonge mbele.

NEEMA: [anacheka] Tusonge. Kule yadi uliingia slaidi zikiwa wazi, si ndiyo?

BAKARI: Zote nne. Kiyoyozi kinapuliza, ndani kama hoteli.

NEEMA: Hapo ndipo watu wanaponaswa. Slaidi ni ukuta unaosukumwa nje kwa mota, chumba kinapanuka futi mbili, tatu. Ukiwa safarini, vyote vimerudi ndani. Kisiwa cha jikoni kinagusana na friji, sofa imebana mlango. Mimi nilimwambia muuzaji, kaka, naomba funga slaidi zote, halafu niache niingie peke yangu. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema hakuna mteja anayeomba hivyo.

BAKARI: Ukagundua nini?

NEEMA: Trela la kwanza, sikupita hata mlango wa kuingilia. La pili nilifika jikoni, friji inafunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. La tatu nilifika mpaka chooni nikakaa, nikafunga mlango, nikatoka. Hilo ndilo tulilonunua.

BAKARI: Kwa sababu ya choo?

NEEMA: Kaka Bakari, una mtoto wa miaka mitatu. Uko barabara ya 40 katikati ya Oklahoma, umeegesha sehemu ya mapumziko iliyojaa malori, mvua inanyesha. Anasema mama nimebanwa. Utaanza kufungua slaidi pale, imgonge nani ubavuni, lori la jirani? Usiku mmoja tulilala kwenye maegesho ya hivyo hivyo, slaidi zimefungwa. Watoto walifika vitandani kwa kupita juu ya meza, lakini walifika. Nilikaanga mayai, jiko lilifikika. Jirani yetu siku ile, familia nzuri tu, walikula mkate mkavu, friji yao imejaa chakula na haifunguki.

BAKARI: Hilo sikulifikiria hata kidogo. Haya, nyuma au katikati?

NEEMA: Sisi ni wa nyuma. Faida yake unaijua: sisi tuko juu kule mbele, watoto mwisho kabisa, katikati kuna ngazi, jiko na sebule. Nikitoka zamu ya usiku nalala mchana, sisikii kitu. Ubaya ni kwamba nyuma ya ekseli trela linarukaruka. Ukipita barabara mbaya, mkia unacheza kama wa mjusi. Tukifika, chumba cha watoto ni kama wameingia wezi: vitabu chini, droo wazi. Mara moja chupa ya shampuu ilipasuka kwenye godoro. Godoro la inchi nne, limekunywa shampuu yote.

BAKARI: [anacheka] Mtoto analala anatoa povu.

NEEMA: Na hayo magodoro, hili hawakuambii. Yamelazwa moja kwa moja juu ya ubao. Watoto wanapumua usiku kucha, chumba kidogo, nje baridi. Mwezi wa pili nikainua godoro la chini kubadilisha shuka, nikakuta ukungu mweusi, umechora umbo la mtoto, mgongo na miguu. Nilikaa sakafuni nikalia, kwa kweli. Sasa tumeweka chaga za mbao chini ya kila godoro, na kila Jumamosi tunayasimamisha yapigwe hewa. Kama bweni, Jumamosi ya usafi.

BAKARI: Na matroni ni wewe.

NEEMA: Na kengele ninayo! Kwa mtoto mkubwa, kabla ya kununua, panda mwenyewe kile kitanda cha juu, ukae. Si kulala, kukaa. Wangu wa kwanza ana miaka 13, akikaa anakunja shingo. Kazi za shule anafanyia mezani, kwa hiyo meza haipatikani mpaka saa tatu usiku. Kwenye ramani za chumba cha katikati mara nyingi kuna roshani juu ya chumba, huko ndiyo kabisa, wanatambaa, na joto lote linapanda huko. Ila kile cha katikati kina uzuri wake, wasije wakanilaumu. Hakirukiruki sana, mtoto mchanga unamsikia, na watoto wakishakua unatoa vitanda unaweka meza ya kazi. Kama una wawili tu, ningesema chukua hicho.

BAKARI: Nina watatu, na wa tatu bado ananyonya. Ndiyo maana mama mkwe anakuja mwezi wa sita, kumsaidia mwenzangu.

NEEMA: Kila kitanda pia kiangalie stika yake. Cha chini kwetu kinaruhusu pauni 300, cha juu 150. Binti yangu alileta rafiki kulala, wakapanda wote wawili juu, nikasikia skrubu inaimba. Na dirisha la dharura: lazima mtu atokee huko nyuma bila kupita jikoni, kwa sababu moto unaweza kuanzia jikoni. Vishikio vyake ni vyekundu. Sisi tunafanya zoezi, watoto wanatoka miguu kwanza, tumbo limelalia dirisha, maana kutoka pale mpaka chini ni mbali kuliko wanavyodhani. Wa mwisho anaona ni mchezo, anaomba kila siku.

BAKARI: Na hicho choo cha watoto kule nyuma? Maana hapo ndipo ramani ya kwanza inaringia.

NEEMA: Ah, choo cha pili. Ngoja nikusimulie. Choo kikuu kiko mbele, kina tangi lake. Cha watoto kiko nyuma, na maji ya mbele hayapandi kurudi nyuma wala ya nyuma hayaji mbele, kwa hiyo kina tangi lake jingine na mdomo wake mwingine wa kumwagia. Kambini shimo la maji machafu ni moja. Kwetu mdomo wa nyuma uko mbali na ule wa mbele, hose moja haifiki. Mume wangu ana hose mbili na kiungo chenye mdomo kama Y. Siku ya kwanza alisahau kukaza kiungo.

BAKARI: Usiendelee.

NEEMA: Viatu tulivitupa palepale.

BAKARI: Basi nimeshaamua. Choo cha pili sikitaki hata bure. Matangi mawili, hose mbili, viatu vipya! Mtoto asubiri zamu yake, sisi tumekulia choo kimoja nyumba nzima ya wapangaji.

NEEMA: Ni haki yako. Ila kile cha nje, jiko la nje, hilo usiliache. Ramani nyingi za dabodeka nyuma zinakuja nalo: mfuniko ubavuni, ndani kuna friji ndogo na plate ya gesi. Wenzetu wanachomea soseji. Mimi ndipo ninapokaangia dagaa. Kwenye trela, dagaa ukiwakaanga ndani leo, wiki ijayo sare yangu ya kazini inanukia dagaa, na wagonjwa wana pua.

BAKARI: Majirani wa kambini hawalalamiki?

NEEMA: Mmoja alikuja. Nikadhani analalamika, kumbe anauliza ni nini. Sasa ananiletea limau.

BAKARI: Safi. Urefu je? Lile langu ni futi 41.

NEEMA: Kambi binafsi utapata nafasi, japo nyingine zinakataa trela lililozidi miaka 10. Kwenye hifadhi za taifa itakubidi usome kila kambi, nyingi zilijengwa zamani kwa matrela madogo. Kimo ndicho ninachokiogopa zaidi. Letu ni futi 13 na kidogo. Kuna daraja la reli Durham, North Carolina, lilikuwa futi 11 na inchi 8, limekwangua mapaa ya malori mpaka likawa maarufu intaneti. Mwaka 2019 wakalinyanyua likawa futi 12 na inchi 4. Bado mimi sipiti.

BAKARI: Tumia ramani ya simu ya malori, unaiandikia kimo chako. Hilo ni la kwangu, nilikuwa nangojea niseme kitu.

NEEMA: [anacheka] Umesema. Nikuulize sasa na mimi. Tulihesabu watu watano. Mama mkwe anakaa muda gani?

BAKARI: Miezi mitatu, Mungu akipenda.

NEEMA: Kwenye ramani yako ya sofa, analala wapi?

BAKARI: Chumba cha watoto pale katikati, kitanda cha chini.

NEEMA: Kile kilicho mlango kwa mlango na chumba chenu, ukuta mwembamba kama kadibodi.

BAKARI: ...Basi sofa. Inakunjuka.

NEEMA: Mama mkwe, kutoka Pangani, umlaze sebuleni. Unaamka saa tisa usiku kwenda kazini na bukta yako, unampita. Halafu choo ni kimoja, kiko ubavuni mwa kitanda chako. Anabisha hodi kwa mkwewe usiku?

BAKARI: ...

NEEMA: Wasikilizaji, amenyamaza.

BAKARI: Hicho choo cha nyuma, dada Neema. Hicho chenye mlango wake wa nje. Hiyo hose ya pili umesema ni ya futi ngapi?