Mama wa genge, kalkuleta na tebo ya saba

NURU: Haya wapendwa tumerudi, na Mbwana kachelewa kama kawaida yake, mnamjua.

MBWANA: Foleni dada.

NURU: Foleni gani, we si unakaa mtaa wa pili hapo? (kicheko) Haya, juzi jioni nimepita gengeni, nikachukua nyanya mafungu matatu ya jero, vitunguu vya elfu moja na mia mbili, hoho mbili za mia tatu tatu, na nazi ya buku jero. Mi bado natafuta kalkuleta kwenye simu mama kashasema elfu nne mia nane. Nikampa mwekundu, akanipa mia mbili, "hii inafika tano", akaongeza noti ya elfu tano, "hii kumi", kageukia mteja mwingine.

MBWANA: Umeona sasa, hajatoa hata kidogo! Kapanda tu kutoka 4,800 mpaka 10,000. Kutoa kageuza kujumlisha, kichwa hakibebi mzigo.

NURU: Ndo mada ya leo, ubongo unajifunzaje hesabu za kichwa. Nina mambo matatu, mwisho mbinu tano za kumsaidia mtoto nyumbani, nimeziandika kabisa.

MBWANA: Hutofika.

NURU: Nitafika. Mtoto akianza, tatu jumlisha nne anahesabu vidole, akirudia rudia jibu linahamia kwenye kumbukumbu, hahesabu tena, analichota tu, na watafiti wakipiga picha ubongo wa watoto wanaona hipokampasi, ile sehemu ya ubongo ya kutunza kumbukumbu, inafanya kazi sana kipindi hicho cha kuhama. Afu kuna kumbukumbu ya kazi, ya kushika vitu sekunde chache, nayo ni finyu mno, ukianza kuhesabia vidole katikati ya swali refu lile swali lenyewe linadondoka. Kwahiyo tebo zikaririwe. Eti Mbwana, saba mara nane?

MBWANA: Umeanza.

NURU: Saba mara nane baba.

MBWANA: Hiyo ni mtego, inagombana na jirani zake, kuna 48 pale ya sita mara nane, kuna 54 ya sita mara tisa, kumbukumbu inakuletea jirani badala ya mwenye nyumba. Hata wasomi wanajikwaa hapo.

NURU: Maelezo mazuri. Jibu?

MBWANA: Tuendelee. Brazil, mji wa Recife, utafiti wa Terezinha Nunes na wenzake, ulitoka 1985. Walienda kwa watoto wanaouza mtaani, wa miaka 9 mpaka 15, wakajifanya wateja. Kwenye biashara watoto wamepata asilimia 98. Baadaye wakawapa hesabu zile zile kwenye karatasi kama za shule, asilimia 37! Dogo wa miaka 12 anauza nazi, moja 35. Nazi nne? Anakwambia tatu ni 105, ongeza 30 ni 135, ongeza tano, 140. Mpe kalamu sasa, nne mara 35, kaandika 200.

NURU: Mia mbili kaitoa wapi?

MBWANA: Nne mara tano 20, anabeba mbili, anaijumlisha na ile tatu inakuwa tano, ndo anazidisha kwa nne. Kafuata kanuni bila kujua inafanya nini. Huo ndo ukariri wako.

NURU: We umejimaliza mwenyewe! Ile 105 ya nazi tatu kaitoa wapi kama hajakariri? Hajaihesabu pale, anayo kichwani.

MBWANA: Kaipata kwa kuuza, hajachapwa ili aijue.

NURU: Nani kasema fimbo? Mi nimesema kukariri.

MBWANA: Kwetu vilikuja pamoja dada, mwalimu mlangoni na fimbo, ukikosa huingii darasani. Na hofu yenyewe inakula ile ile kumbukumbu ya kazi unayoisema, jibu unalo ila halitoki.

NURU: Ndo maana saba mara nane haitoki?

MBWANA: (kicheko) Jamani niacheni.

NURU: Afu kuna ule wa India, wa Kolkata na Delhi, umetoka 2025 kwenye jarida la Nature. Watoto wa sokoni wanashindwa hesabu za daftari, sawa, ila na wa shule wanashindwa za sokoni. Soko peke yake halitoshi.

MBWANA: Wala tebo hazitoshi! Yani mtoto aelewe kwanza kugawa namba vipande, tebo zitakuja zenyewe.

NURU: Haziji zenyewe. Haziji. Wangu nimemwacha aelewe kwanza, yuko darasa la nne, sita mara saba bado anachora vijiti.

MBWANA: Si anapata jibu?

NURU: Mtihani umeisha bado anachora!

MBWANA: Basi tatizo ni mtihani.

NURU: Mbwana.

MBWANA: Sibadilishi.

NURU: Na mi sibadilishi. Haya, fundi mitambo anatuonesha dakika moja, mbinu zangu tano sijagusa hata moja.

MBWANA: Zisome haraka haraka.

NURU: Haziendi haraka. Wiki ijayo.

MBWANA: Wiki ijayo zamu yangu, tunaongelea kodi ya miezi sita.

NURU: Tutaona. Tumeni voisi noti, ila msimjibie huyu ile saba mara nane.