Trekta Likilala Januari: Mazungumzo na Wakulima wa Kibaigwa

Mbukwenyi! Mbukwenyi, watani zangu. Mimi ni Mhehe, najua mmeniita ili mnicheke, lakini kabla hamjaanza nina jambo. Pale nje chini ya mbuyu kuna trekta la mwenyekiti. Nimemwomba dereva anyanyue jembe la sahani, azime injini, aliache likining'inia. Nimekata kijiti kwa urefu uliopo kati ya sahani ya nyuma na ardhi. Ninacho hapa mfukoni. Kuna kijana analinda watoto wasipite chini yake. Tukimaliza tutarudi tukapime tena.

Sasa, mtu akija Kongwa kuzungumzia matrekta anatakiwa aanze na wazungu wa karanga. Wazee hapa mlisimuliwa na baba zenu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilikuja wilaya hii hii kulima karanga, kwa mipango ya mamilioni ya ekari. Hapa Kongwa walitaka ekari 150,000 mwaka wa kwanza. Hawakufikisha hata 10,000. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa.

Watu hupenda kusema walishindwa na mvua na mibuyu. Ni kweli, na huu udongo wenu ambao jua likiupiga unakuwa saruji. Ila mimi ni fundi, mimi natazama karakana. Matrekta mapya hayakupatikana, vita vilikuwa vimeisha juzi tu, kwa hiyo wakakusanya mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mashine zimechoka, za aina mchanganyiko, spea ziko ng'ambo, na karakana ya kuzihudumia haijakaa sawa. Fedha walikuwa nazo, tena nyingi. Walichokosa ni jibu la swali ambalo ndilo nimekuja nalo leo: likilala, litaamkaje?

Swali hili nililijifunza nyumbani kwetu Ismani, kule Iringa. Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe na mahindi ya misimu miwili akanunua trekta jipya, linang'aa, rangi ambayo hatujawahi kuiona. Jina silitaji. Lilikuwa rahisi kuliko mengine na muuzaji alimpa kofia. Msimu wa kwanza lililima vizuri kweli. Wa pili, Desemba, pampu ya haidroliki ikafa. Jembe halinyanyuki. Tukaenda mjini kwa muuzaji tukakuta duka linauza magodoro. Mafundi watatu walilifungua, kila mmoja akasema pampu kama hii hajaikuta. Ile pampu ilikuja kupatikana mwezi wa tano, mahindi ya jirani yamekauka yanasubiri kuvunwa. Hatimaye lile trekta kuku walilipenda sana. Walitagia kwenye kiti.

Tufanye hesabu kidogo. Trekta la nguvu za farasi 75 na jembe la sahani tatu, kwa udongo wenu, linalima ekari sita mpaka nane kwa siku, dereva akiwa si mvivu. Mvua yenu ni moja kwa mwaka. Siku za kulima zenye faida tuseme 40. Likilala wiki mbili umepoteza kama ekari 90, zako na za watu waliokwishakulipa. Bei ya kulimiwa ekari mnaijua nyie, zidisheni wenyewe. Kisha linganisheni na ile nafuu mliyopata dukani siku mliponunua la bei rahisi.

Kwa hiyo mimi siendi dukani kwanza. Naanza kwa fundi. Nenda kwa yule fundi wako, mwenye ovaroli nyeusi, anayekudai pia, umuulize: katika karakana yako yanaingia matrekta gani, na ni yapi unayafunga usiku kwa tochi bila kufungua kitabu? Halafu panda basi uende Dodoma au Morogoro, ingia maduka ya spea kama mteja, na karatasi yenye vitu vitano: sahani ya klachi, pampu ya maji, oili sili za ekseli ya mbele, pampu ya haidroliki, na gasketi ya silinda hedi. Uliza vya kila trekta unalolitamani. Ukiambiwa "tunaagiza", andika "tunaagiza". Karatasi hiyo itakupa jibu kabla muuzaji hajakukaribisha soda.

Ndiyo maana Massey Ferguson mmeyaona toka mko wadogo. Si kwamba hayaharibiki, yanaharibika sana tu. Lakini zile aina za 240 na 375 zinazounganishwa Lahore, Pakistan, zina injini za Perkins za muundo wa zamani, silinda tatu kwa 240 na nne kwa 375, na mafundi wetu wanazijua kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani. Sisemi mnunue Massey. Kama fundi wako ni mtu wa New Holland au Swaraj na duka la spea liko karibu, nunua hilo hilo. Rangi haina maana.

Na msidhani ni shida ya Mwafrika. Marekani, jimbo la Nebraska, kulikuwa na mkulima anaitwa Wilmot Crozier. Alinunua trekta lililoandikwa Ford, akidhani ni la Henry Ford wa magari. Kumbe kampuni ya Minneapolis ilikuwa imemtafuta tu mtu mwenye jina la Ford ili iliweke kwenye boneti! Trekta lilimtesa. Bahati yao Crozier akawa mbunge wa jimbo, na mwaka 1919 ikapita sheria: hakuna trekta kuuzwa Nebraska bila aina yake kupimwa na chuo kikuu, na kampuni lazima iweke ghala la spea ndani ya jimbo. Kupima kule mpaka leo kunaendelea. Mimi kinachonifurahisha ni lile sharti la ghala.

Wengi wenu lakini mtanunua lililotumika, tuambiane ukweli. Basi msiangalie rangi wala mita ya saa za kazi. Mita inabadilishwa kwa bisibisi. Angalia mpira wa pedali ya klachi, umelika kiasi gani. Angalia tundu la kuchomekea pini ya tela: lilitoka kiwandani likiwa duara, likishakuwa yai, limevuta miaka mingi. Shika gurudumu la mbele ulitikise.

Fika asubuhi, bila kupiga simu. Weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini aliipasha. Injini iliyochoka inawaka vizuri ikiwa na joto, baridi ndiyo inasema kweli. Vuta kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, aga kwa heshima. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kumoshamosha kidogo si neno, lakini ikipumua kama treni, ringi za pistoni zimekwisha. Moshi wa buluu usioisha ni oili inaungua. Halafu lipeleke mteremkoni na gia, uondoe mguu kwenye mafuta. Gia ikiruka yenyewe, gia boksi linakusubiri na bili.

Lile jipya la kompyuta mnaniuliza? Ni zuri, linakula mafuta kidogo. Ila dizeli yenu inasafiri kwenye madumu, na maji kidogo tu yanaua nozeli zake, na wa kuisoma kompyuta anatoka mbali na mashine yake, tena anatoza nauli. Pampu ya dizeli ya kawaida inapimwa na fundi wa mkoani. Mwenye ekari 2,000 na karakana yake, anunue. Wewe wa 60, hapana.

Na vumbi hili! Injini hapa haifi kwa uzee, inakufa kwa kuvuta mchanga. Chujio la hewa lile la bakuli la oili, msimu wa kiangazi lifungueni kila siku. Ukikuta tope chini, mwaga, weka oili mpya. Oili ya injini kila saa 250, au kama kitabu kinavyosema, na si pale dereva atakapokumbuka.

Yupo mama pale nyuma ameuliza jembe limefikia wapi. Swali zuri, maana vali na sili za haidroliki zikilika, jembe linashuka lenyewe injini ikiwa imezimwa. Likishuka kidogo kwa muda wote huu niliokuwa naongea, si kosa kubwa kwa trekta la umri ule. Likiwa limelala kabisa, mwenyekiti ana kazi kabla ya Desemba. Haya, inukeni, kijiti hiki hapa. Mama, tangulia wewe ndiye utakayepima, na mtu asiweke mguu chini ya sahani.