Mtoko wetu wa nyumba ya bia: najibu leo, sirudii tena

Haya, nisikilizeni vizuri, maana upepo wa hapa Raskazone leo hauna adabu. Niko nyumbani Tanga, wiki ya pili hii, na swali ni lile lile: "Dada, kila mtoko wako na shemeji mko kwenye nyumba ya bia. Kwani huko hamna kwingine?" Halafu kuna mmoja kaandika kabisa kwamba mtoto wa Muheza nimeenda Ulaya kusomea ulevi. Huyo nitamrudia.

Kwanza sijisifu. Kiglasi cha bia Köln, Ujerumani, tunakokaa siku hizi, kinazidi kidogo yuro mbili, na ni cha mililita 200. Hiyo si hata nusu ya chupa yenu. Piga hesabu, elfu sita, elfu saba, kwa mafunda manne. Mtu wa kujisifu hapigi picha na kiglasi kama cha kupelekea vipimo hospitali.

Wala silalamiki. Ila lazima niseme tulianzaje, na tulianza kwa sababu ya karatasi. Mume wangu alitangulia, mimi nikabaki nahangaikia kumfuata. Mtihani wa Kijerumani nimefaulu, picha nimepiga, halafu ikaonekana jina langu limekosewa herufi moja kwenye cheti. Herufi moja, jamani! Turekebishe cheti, kitafsiriwe upya na mfasiri aliyeapishwa, na yule analipwa kwa ukurasa, hakuhurumii. Nimefika Ujerumani, kadi ya ukaazi nayo ikachelewa. Ofisi siitaji, wakati huo tulikuwa tunakaa mji mwingine, lakini kile kiti cha plastiki cha kusubiria nakijua kuliko kochi langu. Kadi sina, kazi sina, na bila kazi hakuna mtoko.

Siku kadi imetoka tulikuwa na yuro thelathini mkononi. Mgahawa wa maana zingeisha kwenye sahani moja. Mume wangu akasema, twende Köln, tukakae kwenye nyumba ya bia, hata tukinywa viwili viwili hatufukuzwi.

Sasa pale wahudumu wanaitwa Köbes. Aproni ya bluu, trei ya duara yenye mshikio juu, imejaa viglasi vyembamba. Huombi bia. Glasi ikiisha anakuwekea nyingine bila kukuuliza, na kila akiweka anachora mstari kwa penseli kwenye kile kikadi cha kuwekea glasi. Ukitosheka, unakifunika juu ya glasi. Usipofunika, usimlaumu mtu. Na wana maneno hao! Mimi niliomba maji, akaniuliza kama nataka na sabuni na taulo. Nikanuna. Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa, kumbe ndio utani wao wa siku zote.

Njaa ikanikaba, nikaona kwenye orodha "Halve Hahn". Kijerumani changu cha mtihani kikaniambia nusu jogoo. Nikajua nimepata, kuku nusu kwa bei ile! Kikaja kimkate cheusi, jibini, siagi, kitunguu na haradali. Kuku hata unyoya. Ndio jina la chakula chenyewe, hujaibiwa.

Lakini ile mistari ya penseli ndiyo iliyonishika. Babu yangu Muheza alikuwa mgema. Asubuhi na jioni juu ya mnazi, kotama kiunoni, bibi anapima chini. Anayekopa anachorewa kijiti cha mkaa kwenye mlango wa jikoni. Nimekaa Ulaya, kwenye ukumbi wa mbao, naangalia mlango wa jikoni kwa bibi! Nikamsimulia mume wangu, naye akanisimulia ya kwao Korogwe ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia, na tuna miaka sita ya ndoa.

Hapo ndipo penye jibu langu. Yeye anafanya usiku ghalani, mimi mchana kwenye nyumba ya wazee. Tulikuwa tunaonana mlangoni, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Sasa tuna utaratibu, mistari minne kila mtu, tunafunika, tunapanda treni. Simu zinalala kwenye mkoba.

Mara moja tulilipa kuzungushwa kiwanda cha bia chenyewe. Tukatafuna kimea kikavu, kitamu kama karanga, tukanusishwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, chungu kama mwarobaini. Wakatuambia bia yao ya Kölsch hamira inapanda juu inapochachua, halafu bia inalazwa kwenye baridi. Na jina lile viwanda vilifungana kwa mkataba wa 1986, asiye wa Köln na pembezoni mwake asiliguse. Jumuiya ya Ulaya nayo ikalilinda. Nikawaza mnazi wetu ungepata mkataba kama huo, maana siku hizi kila anayechanganya maji na sukari anasema ameutoa Tanga.

Sisemi muige. Ni sisi wawili, mifuko yetu na zamu zetu. Ndugu zangu Waislamu nawaheshimu, na niwaambie ukweli, ile bia wanayosema haina kilevi, sheria ya Ujerumani inairuhusu kubaki na hadi asilimia 0.5, kwa hiyo asiyetaka hata tone aagize juisi ya tufaha. Na kama mwenzio akianza kunywa haachi, usimpeleke, tembeeni hapa ufukweni, ni bure. Ila nyie mashemeji mnaokaa baa mpaka saa sita usiku, mke yuko nyumbani anawafungulia geti, halafu mnaniandikia mimi ndiye mlevi, hapo hapana.

Sasa yule wa usomi wa ulevi. Umebadilisha picha na jina, lakini mwandiko wako naujua, mjomba. Una vijiti kumi na kimoja kwenye mlango wa bibi. Mlango umeliwa na mchwa, bibi bado anavikumbuka. Kesho tunakuja Muheza na mume wangu, tukanywe mnazi wa asubuhi kabla haujakaza. Nimebeba vikadi viwili vya Köln, na penseli.