Vikombe vya Kabatini: Hygge ya Wadenmaki na Sebule Zetu

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna Wadenmaki wanavyokaa majumbani mwao, jambo wanaloliita hygge, na kama lina la kutufaa. Niliishi nchini humo miaka miwili nikiwa mwanafunzi, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, na mengi nitakayoyasema niliyaona mezani kwake.

Neno lenyewe lilitoka Norwei, nchi iliyokuwa chini ya mfalme mmoja na Denmark hadi mwaka 1814. Kulifasiri si rahisi: utulivu halitoshi, na starehe limezidi. Ni ile hali ya mtu aliyeketi na watu wake, mahali pake, na kwa saa ile hadaiwi kitu na yeyote. Ukitaka kujua uzito wake, tazama kinyume chake, uhygge, ambalo maana yake si usumbufu bali ni hofu, ile inayosisimua mwili gizani. Na giza la huko si la kusimuliwa. Mwishoni mwa Desemba jijini Copenhagen jua huchomoza karibu saa 2:40 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo mwanga wa mchana ni kama saa 7 tu, na siku nyingi hata huo hufunikwa na mawingu. Watu wasiojua kukaa ndani pamoja wangeumia sana katika nchi ile.

Mama yule, kila alasiri ya baridi, alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alizima taa ya darini. Kisha aliwasha taa ndogo ya pembeni, akachukua kiberiti, akawasha mishumaa miwili mezani na mmoja dirishani, polepole, akisubiri kila utambi ushike vizuri kabla ya kuhamia mwingine. Wadenmaki huuita mwanga huo levende lys, yaani mwanga ulio hai. Mara ya kwanza niliona ajabu, kwa kuwa kwetu mshumaa ni habari ya umeme kukatika. Pale umeme ulikuwepo, na mshumaa uliwashwa kwa hiari. (Nisisahau kusema kwamba mishumaa hiyo hutoa chembechembe zinazochafua hewa ya ndani, na anayeiga afungue dirisha.)

Heshima yao kwa mwanga imeingia hata katika ufundi. Poul Henningsen, mbunifu wa Kidenmaki aliyezaliwa mwaka 1894, alikulia enzi za taa za mafuta, na balbu za umeme zilipoenea alichukizwa na mng'ao wake mkali. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 alibuni taa yenye vifuniko vitatu vilivyopangwa kwa hesabu, ili mtu aliyeketi mezani apate mwanga laini bila jicho lake kuiona balbu yenyewe. Taa hizo hutengenezwa hadi leo. Mnaonielewa vizuri ni nyinyi mliokula chakula cha usiku chini ya ile taa nyeupe ndefu ya ukutani, ambayo humfanya kila mtu aonekane mgonjwa.

Hata hivyo, mwanga ni mlango tu. Kinachofuata ni namna ya kuketi. Mwenye nyumba naye huketi. Hahangaiki jikoni hadi wageni wanaondoka. Kahawa, mkate wa mdalasini, basi. Hakuna anayetawala mazungumzo wala anayejisifu, na ubishi mkali huachwa hadi siku nyingine. Ijumaa jioni familia hujibanza kwenye kochi moja, watoto na peremende zao. Haya yote yana mguu wa kusimamia: wiki ya kazi ya ajira nyingi huko ni saa 37, hivyo mzazi hufika nyumbani angali na nguvu ya kuongea. Ndiyo maana nilisikitika mwaka 2016, neno hili lilipovuma Uingereza, kuona likigeuzwa blanketi na mishumaa ya kununua. Muda hauuzwi dukani.

Tena lina upungufu, na ni wajibu wangu kuusema. Duara lile ni dogo na limefungwa. Nilisoma na wenzangu miezi mingi kabla ya mmoja kunialika kwao, na aliyenialika aliniambia tarehe wiki tatu kabla. Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu hatuna sababu ya kuazima hilo. Kukaa pamoja tunakujua pia. Baraza na mkeka ni ushahidi.

Tunachokosa, kwa maoni yangu, ni kujikirimu wenyewe. Sebule zetu tumezipanga kwa ajili ya wageni: makochi yamesukumwa ukutani, mbalimbali, yamevishwa vitambaa ambavyo mtoto haruhusiwi kuvigusa, na runinga ndiyo inayozungumza. Vikombe vizuri vimo kabatini nyuma ya kioo, vikingoja mtu wa heshima, ilhali wenye nyumba wananywea vikombe vilivyovunjika mikono. Yule mjane alininywesha mimi, mpangaji wake, siku ya Jumanne isiyo na sherehe yoyote, kwa vikombe vya harusi yake.

Niliporudi nyumbani nilivuta makochi mawili yakakaribiana, nikazima taa kubwa, nikafungua kabati. Mama akatoka jikoni, akaviona vikombe vile mezani, akauliza, "Nani anakuja, mwanangu?" Nikamjibu, "Hakuna mtu, mama. Ni sisi." Alisimama kidogo, akaenda kujifunga khanga nyingine, akarudi na birika. Alipoinua kikombe chake tuliona kibandiko cha bei bado kimeganda chini, na chai ilikuwa ya moto sana, ikabidi tuingoje.