Usiikate Baa ya Kwanza: Mafaili ya Kale ya MIDI Ndani ya Programu za Kurekodia

Ndugu zangu, naanza na jambo ambalo baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hadi mkachoka. Nitalisema tena, kwa sababu kosa lenyewe linafanyika kila siku. Mtu anapata faili la MIDI la mwaka 1994, yaani faili lisilo na sauti yenyewe bali maagizo tu ya noti na mipangilio kwa chombo cha kuzitoa, analiburuta ndani ya programu ya kurekodia kama Reaper au Cubase, anaona baa ya kwanza haina noti hata moja, anaikata. Kisha anaweka plagini yake nzuri, yaani ala ya kompyuta, anabonyeza kucheza, inatoka vurugu tupu, naye anatoa hukumu: MIDI za zamani ni mbovu. Faili halina ubovu wowote. Kilichoharibika ni kile ulichokitupa.

Baa ile haina noti, lakini imejaa. Watungaji wengi wa wakati ule waliandika kwa Roland SC-55, kisanduku cha kutoa sauti za MIDI kilichotoka 1991, na mwanzoni mwa wimbo waliacha nafasi ya kukiandaa chombo kabla ya noti ya kwanza. Fungua orodha ya matukio, siyo ule mchoro wa noti, orodha yenyewe. Juu kabisa utakuta ujumbe wa SysEx, yaani amri maalumu ya mtengenezaji kwa chombo chake, kama huu: F0 41 10 42 12 40 00 7F 00 41 F7. Hiyo ndiyo amri ya kurudisha chombo kwenye hali ya GS, kanuni ya Roland ya kupanga sauti. Ile 41 ya mwanzo ni namba ya Roland. Ile 41 ya mwisho haihusiani nayo kabisa: ni namba ya uhakiki. Namba hizi zote ni za heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Jumlisha anwani na thamani, yaani 40, 00, 7F na 00, upate BF, ambayo ni 191 ya kawaida. Gawa kwa 128, kinachobaki kitoe kwenye 128, unapata 65, ambayo kwa heksadesimali ni 41. Ukibadilisha thamani kwa mkono bila kupiga hesabu hii upya, chombo hukataa ujumbe wote.

Sasa tazameni hii, maana ndiyo inayowatesa watu wengi: F0 41 10 42 12 40 1A 15 02 0F F7. Inasema chaneli ya 11 nayo iwe ya ngoma. Kwa General MIDI, kanuni ya pamoja ya watengenezaji wote, ngoma ziko chaneli ya 10 peke yake, lakini GS inaruhusu seti ya pili, na watungaji waliitumia. Mtunzi anaweka amri hiyo, halafu chaneli ya 11 anaiitia sauti namba 26, ambayo upande wa ngoma ni seti ya TR-808, mashine ya ngoma ya Roland. Wewe umeikata baa. Chaneli ya 11 imebaki chaneli ya kawaida, na kwenye orodha ya kawaida namba 26 ni gitaa la nyuzi za chuma. Kwa hiyo ngoma ya mguu, noti ya 36, inatoka kama gitaa zito, na matoazi ya noti ya 42 yanatoka kama gitaa linalodonoa noti moja bila kukoma. Halafu unaniambia mtunzi hakujua kazi!

Najua atatokea wa kusema: mimi sitaki sauti za 1991, nina okestra ya kisasa iliyojaza diski nzima, SysEx ni za nini kwangu? Sawa, badilisha sauti, ni haki yako. Lakini utabadilishaje kitu ambacho hujakisikia? Kwanza weka plagini moja tu inayopokea chaneli zote 16 kwa pamoja na inayoelewa GS. Inaweza kuwa inayosoma SoundFont, yaani faili la mkusanyiko wa sauti, kama GeneralUser GS. Faili zima lipitie humo, ukiwa umekubali tempo yake iingie nalo. Sikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo utoe traki moja, uipe ala mpya, ulinganishe, uende nyingine. Ukizibadilisha zote kwa mkupuo, hutajua lipi ni kosa la faili na lipi ni la plagini yako.

Na hata baada ya kubadilisha, ile baa bado inakuhusu. Humo kuna kiwango cha kupinda noti. Tafuta vidhibiti, yaani amri zenye namba zinazobadilisha mipangilio ya chaneli: kidhibiti 101 chenye thamani 0, kidhibiti 100 chenye 0, kisha kidhibiti 6 chenye 12: maana yake kupinda hadi mwisho ni nusutoni 12, oktavu nzima. Plagini nyingi za kisasa hazisomi amri hiyo, zinabaki kwenye nusutoni 2. Solo ya gitaa iliyopaswa kupanda oktavu inapanda toni moja, na wimbo mzima unasikika umetoka nje ya ufunguo. Dawa ni kuingia kwenye plagini na kuandika 12 kwa mkono. Nusu dakika tu.

Mfuatano wa amri nao una uzito. Benki, yaani kundi la sauti, huchaguliwa kwa kidhibiti 0 na 32, na lazima itangulie amri ya kubadili sauti. Programu ikigeuza vidhibiti kuwa otomesheni, yaani mistari ya mabadiliko inayochorwa kwenye traki, matukio yaliyo kwenye tiki moja, kipimo kidogo kabisa cha muda, yanaweza kupishana, ukapata sauti ya benki iliyopita. Zima chaguo hilo la kugeuza vidhibiti wakati wa kuingiza faili, Cubase inalo. Wa Ableton Live, haibebi SysEx, kwa hiyo msipoteze usiku kuitafuta. Na plagini za VST3, mojawapo ya miundo ya plagini, hazipokei amri ya kubadili sauti kama tukio la MIDI. Plagini isipojiandalia njia yake, kila chaneli inabaki piano. Kama kuna toleo la CLAP au la VST2, ambayo ni miundo mingine ya plagini, tumia hilo.

Naona naonyeshwa saa. Sauti ya chaneli, kidhibiti 7, haraka: kwa kanuni iliyopendekezwa, thamani 64 ni kama desibeli 12 chini ya kilele. Plagini inayohesabu kwa mstari ulionyooka itakupa 6 tu, ndiyo maana ala za nyuma zinaruka mbele. Kidhibiti 11 kinazidishwa na 7, hakichukui nafasi yake. Mafaili ya MT-32, chombo kingine cha Roland, ya tangu 1987, ni ukoo mwingine kabisa: namba zake za sauti siyo za General MIDI, kwa hiyo yapelekeni kwenye Munt, programu inayoiga MT-32. Ya XG, kanuni ya Yamaha ya kupanga sauti, hutafuta sauti za ziada kwa kidhibiti 32, siyo 0.

Mwenye faili lake asogee hapa mbele. Tunafungua orodha ya matukio sasa hivi, tunaanza na tiki ya sifuri.